Hapana Iliyoungua

Kwetu Friedensbach mtu hazikwi kimyakimya. Kabla jeneza halijainuliwa, mchungaji husimama mbele ya watu wote akasoma maisha ya marehemu, tangu kuzaliwa mpaka kulala, na hayo si maneno ya mchungaji, ni maneno ya marehemu mwenyewe, aliyoyaandika au kuyaandikisha angali hai. Ndiyo maana mtu akishafika miaka sabini na miguu ikaanza kuvimba, hakuna anayemzungushia maneno. Mchungaji huja asubuhi moja na kalamu na karatasi, huketi, husema, "Haya, Dada, tuanze." Wengine huona raha kuulizwa. Wengine hujitia kusahau. Na wapo waliojipamba hadi sisi tuliokaa kwenye mabenchi tukawa tunatazamana, tunajiuliza ni nani huyu tunayemzika leo.

Dada Justina Lauber, mwoka mikate wetu, alikuwa na sababu yake ya kuikimbia kalamu hiyo. Mchungaji Ebert alipokuja mara ya kwanza, alimwambia ana unga mikononi. Mara ya pili alijilaza akageukia ukutani. Mara ya tatu alimlisha mkate wa matofaa mpaka maskini wa Mungu akasahau kilichomleta, akaondoka huku anajifuta midomo.

"Unamkimbia mchungaji kama mtoto anayekwepa kuogeshwa," mumewe Melchior alimwambia. "Una nini cha kuficha wewe? Maisha yako yote ni unga na chachu."

"Basi aandike unga na chachu, aende zake."

Melchior akacheka, akarudi kwenye gurudumu lake la kufinyangia vyungu. Justina hakucheka. Alikuwa na miaka sabini na miwili, na kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa amefungia moyoni jambo moja ambalo hakumwambia kiumbe yeyote. Asipoliandikisha, atasomewa uongo juu ya jeneza lake. Akiliandikisha, Melchior atalisikia pamoja na mji mzima, na hapo ndipo atajua kwamba mke aliyelala naye miaka yote hiyo huenda hakupewa na Mwokozi. Huenda Justina alijichukulia mume mwenyewe. Hilo lilimsumbua kuliko miguu.

Na ili mjue ni jambo gani, lazima nirudi nyuma, mji huu ulipokuwa hauna hata jina.

Ndugu kumi na mmoja walitembea kwa miguu kutoka Bethlehemu ya Pennsylvania mpaka vilima hivi vya Carolina, wiki sita, na gari moja la farasi ambalo gurudumu lake liliapa kuvunjika kila Jumatatu. Walikata miti, wakajenga kibanda kimoja cha magogo, wakajibana humo wote. Kiangazi kilichofuata likaja gari la pili, limebeba wanawake watano. Wanne walikuwa wake za ndugu. Wa tano ni Justina, mseja wa miaka thelathini na mmoja, utepe wa waridi kwenye kofia yake kama wavaavyo dada wasioolewa, na yeye aliletwa kwa sababu moja tu: ndugu waliandika barua Bethlehemu kwamba msitu wanauweza, dubu wanamweza, lakini ile mikate wanayoioka wenyewe imewashinda.

Mzee Hessler, kiongozi wa safari ile, mtu mwema, sikio moja limekufa, alimwonyesha shimo la majivu nyuma ya kibanda. "Oka hapo, Dada."

Justina akalitazama shimo, akamtazama mzee. "Hapo, Mzee wangu, hata panya hapiki."

Basi akaitwa Melchior, mfinyanzi, wa miaka thelathini na minne, mrefu, udongo umemkaukia kwenye ndevu, mtu ambaye maneno kumi kwa siku yalimtosha na mengine yakabaki. Alikuja, akalizunguka shimo, halafu akamwambia, "Nyoosha mkono."

"Wa nini?"

"Nyoosha."

Akaunyoosha. Akaupima kwa kijiti kutoka bega hadi vidole, akapima na kutoka kiwiko hadi chini, akaondoka. Kwa siku nne akajenga tanuri la udongo, mdomo wake uko sawasawa na kiwiko cha Justina. "Waoka mikate wote huishia kuinama," alisema alipomaliza. "Wewe hutainama." Hayo yalikuwa maneno mengi kwake, akaona haya, akaenda zake.

Kesho yake akarudi. "Limepasuka?"

"Halijapasuka."

"Nitakuja kesho kulitazama."

Akaja kesho, na kesho kutwa, na mtondo, na kila siku swali ni lile lile. Wake wa ndugu wakawa wanafua kando ya kijito na kufa kwa kicheko. "Dada Justina, mwenzio anaombea lipasuke!" Justina alijifanya hasikii. Lakini alikuwa ameanza kuoka mikate midogo ya shira pembeni, na haikuwa ya Mzee Hessler.

Kwetu, lakini, watu hawaposani wenyewe. Ndugu akitaka kuoa huwaambia wazee, na wazee humwuliza Mwokozi kwa kura. Kila mtu anajua ilivyo: bakuli la mti, na ndani yake vipande vitatu vya tete, kila kimoja kimetiwa ndani karatasi iliyokunjwa. Moja imeandikwa Ndiyo. Moja imeandikwa Hapana. Ya tatu haina kitu, maana yake ngojeni, au hamjauliza vizuri. Mzee huomba, hutia mkono, hutoa tete moja, na hapo maneno yamekwisha. Waliokuwa wanapendana na kura ikawatenga, walitengana. Tulilia, lakini tulitengana.

Vuli ile ndugu walikuwa na ugomvi mkubwa. Nusu walitaka mji ujengwe papo hapo kando ya kijito, karibu na maji na udongo wa mfinyanzi. Nusu walitaka kilima cha ng'ambo, pakavu, penye upepo. Ugomvi wa watu wapole ni balaa, nawaambieni, maana kila mtu anaanza na "mpendwa ndugu yangu" ndipo anakuchoma. Wiki mbili hivyo. Mwisho Mzee Hessler akasema yatosha, Jumamosi tutapiga kura.

Ijumaa ikanyesha mvua ya kufa mtu. Paa la kibanda cha mzee likavuja, na likavuja pale pale penye bakuli la kura. Asubuhi matete yalikuwa yanaogelea. Mzee akaja nayo mbio kwa Justina, maana moto wa maana ulikuwa kwake tu.

"Dada, yakaushe karibu na tanuri. Usiyafungue. Nayataka kabla ya saa sita."

Justina akayapanga matatu kwenye ukingo wa tanuri, mbali na moto, kwa adabu zote. Halafu akakumbuka mikate iko ndani. Akachukua ule ubao mrefu wa kutolea mikate, akautia, akautoa na mkate wa kwanza, akautia tena, na mpini ukafagia ukingo. Tete moja likabiringika. Alilitazama likienda. Aliandikisha kwamba hata uzeeni angeweza kuchora jinsi lilivyokwenda, taratibu, kama lina nafasi, likaanguka kwenye makaa, likawaka mara moja likaisha.

Yalaa! Alisimama pale mikono kichwani. Kisha akafanya alichokatazwa, akayafungua mawili yaliyobaki. Ndiyo ilikuwepo. Ile tupu ilikuwepo. Kilichoungua ni Hapana.

Hakuwa mjinga. Akakata tete jipya kijitoni, akachana pembe ya barua ya marehemu mama yake, akatafuta wino. Wino ulikuwa kibandani kwa mzee. Akaikunja ile pembe ya barua bila neno, akaitia ndani ya tete jipya lisije likakaa wazi, akaliweka pamoja na wenziwe, akafunga aproni vizuri ili aende akaombe wino na kusema ukweli. Kugeuka tu, Mzee Hessler huyo, ameshika bakuli.

"Yamekauka? Asante, Dada, wananingoja."

"Mzee, kuna jambo, moja lime..."

Alikuwa upande wa sikio lililokufa. Mzee akakusanya matete yote matatu akaondoka nayo haraka haraka. Justina akamfuata mpaka mlangoni, mlango ukafungwa mbele ya pua yake, na mwanamke haingii kwenye baraza la wazee. Akabaki nje kwenye tope, aproni ina unga, anasikia watu wakiomba ndani.

Baada ya kitambo wakatoka wanaimba. Mwokozi amesema Ndiyo! Mji ujengwe hapa hapa kando ya kijito! Ndugu waliotaka kilima wakawakumbatia waliotaka kijito, na hakuna aliyesema tena neno. Ndipo mke wa Mzee Hessler akamvuta Justina pembeni, macho yanamcheka. Waliuliza na swali la pili, akasema. Ndugu Melchior ameomba. Na kura imesema Ndiyo pia. "Je, wewe mwenyewe unakubali?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Alijua hivyo wakati ule, na alijua hivyo miaka yote iliyofuata. Angesema, "Mama, simamisheni, bakuli halikuwa na Hapana." Badala yake alisema nakubali, na sauti yake mwenyewe ilimshtua kwa furaha. Jumatatu, akifagia kwa mzee, aliandika Hapana kwa wino mzito akaitia mahali pake. Tangu siku ile kura yetu imekuwa kamili. Ni siku ile moja tu, katika maisha yote ya mji huu, ambapo Mwokozi aliulizwa maswali mawili na hakuachiwa njia ya kukataa.

Wakaoana kabla ya theluji. Utepe wake ukawa wa buluu, wa walioolewa. Na nitasema wazi, maana yeye mwenyewe alitaka isemwe: waliishi vizuri. Watoto wanne, watatu wakakua. Melchior aliendelea na maneno yake kumi, ila mawili kati ya hayo, kila asubuhi, yalikuwa "Limepasuka?", na Justina akijibu "Halijapasuka," siku yao inaanza. Tanuri lilijengwa upya mara sita, na kila mara alipimwa mkono, ingawa mkono ni ule ule.

Adhabu yake ilikuwa kijito.

Maana, jamani, mahali hapa panafurika. Kila masika maji yanapanda, yanaingia kwenye maghala ya chini, kabichi za kwenye mapipa zinakwenda matembezi. Na kila masika watu wetu husimama na maji magotini wakisema kwa unyenyekevu, "Ndipo Mwokozi alipotuweka, tuvumilie," na Justina anasimama katikati yao na ndoo yake, uso unamwaka. Hakuna aliyemshinda kuchota maji kwenye maghala ya watu. Walimsifu kwa moyo wake wa kujitolea. Alitamani ardhi immeze.

Masika ya mwaka ule ninaousimulia, pamoja na miguu yake, alijikokota hadi kwa jirani yake, mjane Apolonia, na mkate wa moto. Apolonia alikuwa ameketi kwenye ngazi, sketi ameipandisha, anatazama pipa lake linavyoelea ndani ya ghala.

"Lione," alisema. "Lina afya kuliko mimi. Dada Justina, hebu niambie, wewe ulikuwepo. Kilima kile pale, kikavu, kimejaa jua, kinatucheka. Ndugu zetu walikuwa na macho?"

"Ilikuwa kura, Dada."

"Najua ilikuwa kura. Simlaumu Mwokozi, Mungu anisamehe. Nasema tu kwamba yeye hana ghala hapa chini." Akaukata mkate, akautafuna, akapoa. "Ila bila kijito usingekuwa na udongo wa tanuri, na mimi nisingekuwa na mkate huu. Haya, basi. Tumsamehe."

Justina alirudi kwake kwa shida. Neno lile tumsamehe lilimfuata njia nzima. Akapita nyumba, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye karakana ya mumewe, akaketi kwenye benchi la kuanikia vyungu. Melchior hakuinua kichwa.

"Limepasuka?"

"Melchior, simamisha gurudumu."

Akalisimamisha. Justina akamweleza yote, tangu mvua hadi wino wa Jumatatu, hakuruka kitu. "Na usije ukadhani nilinyamaza kwa woga," alimalizia. "Woga ulikuwepo, lakini si mwingi. Nilinyamaza kwa raha. Nilikutaka. Nilijua kwamba nikisema watapiga kura upya, na bakuli likiwa kamili huenda nikakukosa. Kwa hiyo nimekaa na wewe miaka arobaini na mmoja kama mtu aliyekalia kiti ambacho hakukaribishwa. Ndiyo nimesema."

Melchior alitazama udongo mbele yake. Chungu kilichokuwa nusu kilikuwa kimeanza kulala upande mmoja, na hakukishika. Alinyanyuka, akatoka nje, akashuka hadi kijitoni, akasimama kule amempa mgongo. Justina alimwona kupitia mlangoni. Alimngoja. Alifikiri: basi, hivi ndivyo inavyokwisha, na siwezi hata kumlaumu. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa aproni, yakatoka tena.

Melchior alirudi, akaketi naye kwenye benchi, bado ana matope miguuni.

"Umesema kilichoungua ni Hapana," alisema.

"Ndicho."

"Una hakika?"

"Mimi nilifungua yale mengine! Nina hakika mpaka kaburini."

Melchior akavuta pumzi. "Justina, kule Bethlehemu ulikuwa ukioka kwenye nyumba ya dada waseja. Mimi nilikuwa naleta vigae vya jiko. Hunikumbuki, maana nilikuwa naingia kwa mlango wa nyuma na kutoka."

"Sikukumbuki."

"Nilikukumbuka mimi. Nikaenda kwa wazee nikakuomba. Wakapiga kura." Akakwangua tope kwenye kiatu. "Ikatoka Hapana."

Justina akamgeukia mwili mzima, na miguu ile ile iliyovimba.

"Ndiyo maana niliomba kuja huku porini," Melchior aliendelea, na hapo yalikuwa yamekwisha vuka maneno kumi, yalikuwa yanamiminika tu. "Nije nikusahau. Mwaka umepita, nimeshaanza kusahau, mara gari la pili linafika na nani anateremka na gunia la unga? Hessler hakujua kitu. Hakuniuliza kama nimewahi kukataliwa, nami sikumwambia. Nikaomba mara ya pili, nikijua kabisa kwamba mtu akishajibiwa hapaswi kuuliza tena. Na ilipotoka Ndiyo nililia kule ndani mbele ya ndugu wote. Walidhani ni kwa ajili ya mji."

"Melchior Lauber!"

"Naam."

"Miaka arobaini na mmoja unaniambia maisha yangu ni unga na chachu, kumbe wewe mwenyewe ni mwizi!"

"Nawe ni mwizi."

"Mimi ni wa bahati mbaya. Wewe ulipanga!"

Akamtazama, ndevu zikaanza kutikisika, na wazee wale wawili wakaangua kicheko mpaka Apolonia akatoa kichwa dirishani kuuliza kama kuna aliyeanguka. Walipotulia Melchior akasema, polepole, na hakuwa anacheka tena, "Lakini nilidhani Mwokozi alinihurumia. Nilidhani alibadili neno lake kwa ajili yangu. Kumbe hakuwa na jingine la kusema."

Hapo Justina akamwumia kuliko alivyopata kuumia kwa ajili ya nafsi yake. Akamshika mkono wenye udongo.

Kesho yake asubuhi alimtuma Melchior amwite Mchungaji Ebert, na safari hii hakumpa mkate kwanza. Ebert alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwangalifu, msafi, mwenye kuandika herufi nzuri. Aliandika kuzaliwa, aliandika ubatizo, aliandika meli na Bethlehemu. Walipofika kwenye tanuri na mvua, kalamu ikaanza kwenda polepole. Walipofika kwenye makaa, ikasimama.

"Dada," alisema, "hili litasomwa mbele ya watu."

"Nilidhani ndiyo kazi yake."

"Watu watauliza mji umejengwa juu ya nini."

"Umejengwa juu ya tope, wanajua. Wamekuwa wakilichota." Akaegemea mto. "Apolonia atanisema mwaka mzima. Nitakuwa nimekwisha kufa, aseme. Mimi sina shida na watu, Ndugu Ebert. Nina shida na mmoja. Nataka aulizwe."

"Aulizwe nani?"

"Mwokozi. Kama ana neno nami, lawama yoyote, juu ya siku ile. Lete bakuli."

Ebert alimtazama Melchior, ambaye ni mzee wa kanisa tangu siku nyingi, akitegemea atasaidiwa. Melchior akajikuna ndevu.

"Na mimi niandike kwenye swali hilo hilo," alisema, akamweleza habari za Bethlehemu kwa sentensi tatu.

Mchungaji masikini alishika kichwa. "Swali moja kwa watu wawili?"

"Tumelila pamoja tunda lake. Tuuliziwe pamoja."

Bakuli likaletwa. Ni lile lile la zamani, limepasuka ukingoni likafungwa waya. Ebert alikuwa amekwisha kufumba macho kuomba aliposikia, "Ngoja kwanza. Yafungue."

"Dada, kura haifunguliwi kabla ya..."

"Yafungue yote, niyaone. Mimi ndiye ninayejua bakuli hilo linaweza kukosa nini."

Akayafungua moja moja, akamwonyesha. Ndiyo, na hiyo ingemaanisha Mwokozi ana neno nao, na kwamba Justina angekwenda nalo kaburini. Tupu. Na Hapana, kwa mwandiko ambao Justina aliujua mara moja, maana ulikuwa wake, wino mzito wa Jumatatu ile, umefifia kuwa rangi ya kahawa. Hakuna aliyewahi kuibadilisha. Kwa miaka arobaini na mmoja watu wa Friedensbach walikuwa wakikataliwa kwa mkono wake.

"Haya," alisema, akaficha mikono chini ya aproni. "Kunja. Changanya vizuri. Mimi siigusi."

Ebert akakunja, akachanganya, akaomba, na maombi yake yalikuwa mafupi. Melchior alisimama nyuma ya kiti cha mkewe, mikono mabegani kwake. Justina alitazama dirishani, kwenye tanuri. Alisikia tete likitolewa, akasikia karatasi.

"Soma, Ndugu," Melchior alisema. "Huyu mwanamke ana miaka sabini na miwili, hana siku nyingi za kungoja."

Ebert hakusoma. Macho yalikuwa yamemjaa maji. Aliigeuza tu ile karatasi ili waione, na pale katikati palikuwa na mwandiko wa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwenye haraka na mwenye furaha: Hapana.

Mikono ya Melchior ilimkaza mabegani. "Hana neno nasi," alisema, kama mtu anayejifunza kusoma. "Justina, hana neno. Na Ndiyo ilikuwepo, tumeiona. Angeweza kusema." Akakaa chini sakafuni, mzee mzima, akaweka paji la uso kwenye goti la mkewe, akalia kama alivyolia barazani siku ile, na safari hii hakuna aliyedhani ni kwa ajili ya mji.

Justina alimpapasa nywele zenye vumbi la udongo. Moyo wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba alihisi njaa.

"Andika hayo yote, Ndugu Ebert," alisema. "Na makaa yaandike, na Apolonia mwandike na pipa lake. Kisha kuna mkate mezani, ule."

Mchungaji akajifuta macho, akaanza kuyakusanya matete kuyarudisha bakulini, na kwa kuwa asubuhi ile ilikuwa na baridi, akaliweka bakuli juu ya jiko la vigae huku akitafuta kalamu yake.

"Wewe!" Justina alipiga kelele mpaka Melchior akaruka. "Liondoe hapo kwenye moto!"

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na hivyo ndivyo tulivyosomewa miaka mitatu baadaye, ndani ya ukumbi wetu, na jeneza lake mbele yetu. Sijapata kusikia watu wakicheka vile kwenye maziko. Apolonia alicheka kuliko wote, akalia kuliko wote, akasema kwa sauti kwamba ghala lake linadai mikate. Tulipokuwa tunatoka kumpeleka makaburini, tarumbeta zinapigwa mbele, tukapita nyuma ya nyumba yake. Melchior alisimama, safu nzima ikasimama. Akauinamia mdomo wa tanuri, akaupitisha mkono ndani yake mpaka begani.

"Halijapasuka," alimwambia, akainuka, tukaendelea.